Umbo la Picha na Saizi ya Karatasi

Kijana wa duka la kusafisha picha ana swali moja tu kwa kila anayeingia: "Saizi gani?" Siku niliyopeleka picha za harusi ya binamu yangu, zilizopigwa kwa simu, nilimjibu kama wanavyojibu wengi: "Hiyo ya kawaida, nne kwa sita." Baada ya robo saa nikakabidhiwa bahasha. Rangi zilikuwa zimekolea, karatasi inang'aa. Lakini katika picha ya ukoo mzima, mjomba, ambaye kwa urefu wake huwekwa safu ya nyuma miaka yote, alikuwa hana kofia wala paji la uso. Chini, watoto walioketi mkekani walikuwa wamekatwa nyayo.

Nikarudi kaunta nimekunja uso. Kijana hakubabaika. "Mzee, picha yako na karatasi haviendani. Nisingekata, ingebaki nyeupe huku na huku, nawe ungesema nimekuibia karatasi."

Alikuwa na haki kuliko nilivyotaka kukubali. Simu nyingi hupiga picha yenye uwiano wa 4 kwa 3: upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. Karatasi ya inchi 6 kwa 4 ina uwiano wa 3 kwa 2. Picha ya simu ikitanuliwa mpaka ijaze upana wa inchi 6, kimo chake kinafika inchi 4 na nusu. Nusu inchi inakosa pa kukaa, na mashine ikiachwa ifuate desturi yake hunyoa robo inchi juu na robo inchi chini. Hicho ndicho kipimo cha kofia ya mjomba.

Swali la "saizi gani?" limebeba maswali mawili, na tumezoea kuyajibu kama ni moja. La kwanza ni la ukubwa: picha hii itoshe mkononi, albamuni au ukutani? La pili ni la umbo: iwe mraba, ndefu ya kulala, nyembamba ya kusimama, au katikati ya hayo? Ukubwa unaweza kuubadili kesho na keshokutwa bila kumpoteza mtu hata mmoja. Umbo ukilibadili, lazima kitu kitoke. Na kwa kuwa saizi za dukani huja na maumbo yake ndani yake, anayetaja saizi amekwisha kuchagua umbo bila kujua. Je, mpiga picha afuate maumbo hayo ya dukani, au akate kila picha jinsi yenyewe inavyotaka?

Wanaotetea vipimo vya dukani huvitaja kana kwamba vilipimwa na mtu mwenye jicho la sanaa. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Dickson, aliyekuwa mtumishi wa maabara ya Thomas Edison kule Marekani, alihitaji utepe wa kuendeshea picha za sinema. Filamu ya kampuni ya Eastman ilikuwa na upana wa milimita 70. Ilipopasuliwa katikati kwa urefu ukapatikana utepe wa milimita 35. Kingo zote mbili zikatobolewa matundu ya kuvutia utepe, na kila picha ikapewa kimo cha matundu manne. Nafasi iliyobaki kati ya matundu ikatoa picha yenye upana wa karibu inchi moja na kimo cha robo tatu ya inchi. Hiyo ni 4 kwa 3, na aliyeiamua ni tundu la utepe.

Miongo miwili baadaye, mjini Wetzlar huko Ujerumani, Oskar Barnack alikuwa fundi wa kiwanda cha Ernst Leitz. Alikuwa na pumu, na kubeba kamera nzito za sahani za kioo milimani kulimchosha. Akachukua utepe uleule wa sinema, akaulaza upite kwa ubavu badala ya kushuka, akaunganisha nafasi mbili za sinema kuwa moja. Nafasi ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Mbili bega kwa bega zikawa 24 kwa 36. Kamera ya majaribio ilikuwa tayari kufikia mwaka 1914, na kamera yenyewe, Leica, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925. Huo ndio uwiano wa 3 kwa 2 unaokaa leo katika kamera kubwa za wapiga picha wa harusi na ndani ya karatasi ya nne kwa sita.

Umbo la kwanza nalo halikufa. Kutoka sinema likaingia kwenye runinga, kutoka runinga likaingia kwenye kioo cha kompyuta chenye nukta 640 kwa 480, kutoka hapo likahamia kwenye kamera ndogo za kidijitali, na mwishowe likajikunja ndani ya simu. Kwa hiyo ugomvi uliomvua mjomba kofia ni ugomvi wa baba na mwana: picha yangu ilikuwa ya ukoo wa Dickson, karatasi ya duka ilikuwa ya Barnack, na wote wawili wametokana na utepe mmoja.

Saizi nyingine za dukani zina asili za kale zaidi na za kawaida vilevile. Nane kwa kumi na nne kwa tano ni vipimo vya sahani na shiti za filamu za kamera kubwa za miguu mitatu. Mpiga picha wa enzi hizo aliona kwenye kioo cha nyuma ya kamera umbo lilelile litakalotoka kwenye karatasi, hivyo hakuwa na la kulalamikia. Balaa ilianza pale karatasi ya nane kwa kumi ilipoendelea kuuzwa kwa watu wenye kamera za Barnack. Picha ya 3 kwa 2 yenye upana wa inchi 8 inataka urefu wa inchi 12. Ukiibana kwenye 10 umetupa sehemu moja kati ya sita. Katika picha ya watu kumi na wawili waliojipanga mstari mmoja, hao ni wawili.

Kadi za posta nazo zilipata kipimo chao ofisini. Umoja wa Posta Duniani uliweka mwaka 1878 kikomo cha sentimita 9 kwa 14, ili magunia na visanduku vya nchi mbalimbali visigombane. Studio za Zanzibar, ya A. C. Gomes miongoni mwao, zilipoanza kuuza kadi za mji na bandari, zilikuwa zinalijaza umbo la posta. Sahani ya nusu ya siku zile ilikuwa inchi 4¾ kwa 6½, umbo nene kuliko kadi. Aliyetaka kuijaza kadi bila kuacha weupe alipaswa kutoa anga au kutoa maji.

Sisemi kwamba umbo lililoletwa na malighafi ni umbo baya. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za baiskeli na mbao laini za masonite zilizokatwa vipande vya mraba. Ubao wa dukani ndio ulioamua. Lakini angalia alichofanya: mnyama mmoja katikati, mgongo umepinda kufuata ukingo, mkia umejaza kona iliyobaki. Hakuchora kitu kirefu kisha akakikata kiingie kwenye mraba. Alikuwa anaujua ukingo kabla ya kuchovya brashi, na tofauti yake na mimi niliyesimama kaunta na bahasha iko hapo tu.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda kwa sababu kinaonyesha meno ya kipimo cha kawaida. Kamera ya kwanza ya Nikon, ya mwaka 1948, haikupiga picha ya milimita 24 kwa 36. Ilipiga 24 kwa 32, na waliobuni umbo hilo walikuwa na sababu nzuri: roli moja ilitoa picha nyingi zaidi, na umbo lilikaribiana zaidi na karatasi za wakati ule. Lakini mashine za Marekani za kukata na kufunga slaidi za Kodak zilikuwa zimepangwa kwa nafasi za Leica. Kisu kingeanguka katikati ya picha. Nikon ikasogea hadi 24 kwa 34, na mwisho ikasalimu amri kwa 24 kwa 36. Ukipiga hesabu, 24 kwa 32 ni 4 kwa 3 kamili, umbo ambalo leo liko mfukoni mwa kila mtu. Walikuwa sahihi mapema mno, na kisu hakijali hayo.

Karatasi ya familia ya A ndiyo pekee katika orodha hii iliyotoka kwenye fikra. Georg Christoph Lichtenberg, mwanasayansi wa Kijerumani, aliandika mwaka 1786 juu ya karatasi ambayo ukiikunja katikati, nusu inabaki na umbo lilelile la nzima. Uwiano wake ni 1 kwa 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Ujerumani iliufanya kuwa kipimo rasmi mwaka 1922, na leo A4 inapatikana kila duka la vifaa vya ofisi kutoka Bujumbura hadi Lamu. Hapa kuna jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa kaunta. Picha ya simu, 4 kwa 3, ikijazwa kwenye A4 inapoteza asilimia 5.7. Picha ya kamera, 3 kwa 2, ikijazwa kwenye A4 inapoteza asilimia 5.7 vilevile. Si sadfa. Barnack alipata umbo lake kwa kuunganisha mawili ya Dickson, na karatasi ya A ni lile umbo ambalo kuunganisha au kupasua hakulibadilishi, kwa hiyo limekaa katikati kabisa ya hayo mawili. Mwenye albamu iliyochanganya picha za simu na za kamera, na asiyetaka kuumiza upande wowote, mpatanishi wake anauzwa kwa shiti na jirani.

Basi vipimo vya kawaida vinatupa nini? Kwanza kabisa, vinatupa picha zisizohitaji maoni ya mtu. Picha ya pasipoti haina mjadala. Nchi nyingi hufuata milimita 35 kwa 45, uso ukichukua sehemu kubwa ya kimo. Marekani inataka mraba wa inchi 2 kwa 2. Wanaojaza fomu za bahati nasibu ya viza ya Marekani kila mwaka wanalijua hili kwa uchungu: picha lazima iwe mraba, na anayechukua picha ya pasipoti ya kawaida akaivuta pembeni ili iwe mraba hutoka na mashavu mapana kama amevimba meno. Hapa umbo ni sheria kwa sababu picha italinganishwa na nyingine maelfu. Ndivyo ilivyo pia kwa picha za wanafunzi ukutani mwa shule, au za bidhaa kwenye ukurasa wa muuza viatu. Macho yanalinganisha viatu na viatu. Umbo likibadilika kila hatua, macho yanaanza kulinganisha visanduku.

Sababu ya pili ni pesa, na hapa wengi wanadanganyana. Mashine kubwa za kusafishia picha hazitumii karatasi zilizokatwa tayari. Zinatumia roli, na roli iliyozoeleka ina upana wa milimita 152, ambazo ni inchi 6. Mashine yenyewe ndiyo inayokata. Ikiambiwa ikate kila milimita 102, inatoa nne kwa sita. Ikiambiwa ikate kila milimita 114, inatoa umbo kamili la simu. Tofauti ni milimita 12 za karatasi, pungufu ya upana wa kidole. Kofia ya mjomba ingeokolewa na kidole kimoja cha karatasi na mibofyo miwili ya kompyuta, kama kijana angeulizwa na kama mimi ningejua kuuliza.

Si kila mashine ina uhuru huo. Zile ndogo za utepe wa rangi, ambazo wapiga picha hubeba kwenye mahafali na fukwe ili mteja aondoke na picha yake papo hapo, zina utepe uliogawanywa vipande kwa saizi maalumu. Kila karatasi hula seti yake ya rangi, iwe imejaa au nusu tupu, na kwa nyingi kilichobaki hakirudi. Mwenye mashine hiyo akikwambia hana umbo jingine, mwamini.

Halafu fremu. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hutumia fremu kama hoja kubwa ya kufuata saizi za kawaida: fremu ya dukani ni rahisi, ya kupima ni ghali sana. Msomaji wetu akiimeza hoja hiyo nzima atakuwa amemeza gharama za mji wa watu. Kwetu fundi wa fremu yupo kando ya barabara na msumeno wa pembe, fito za mbao zimesimamishwa ukutani, na kioo anakikata kutoka shiti kubwa kwa kalamu ya almasi. Ukimletea picha ya inchi 9 kwa 13 hashangai. Atapima, atakata, atapigilia. Anachokata ni fito na kioo, na vyote hivyo huhesabiwa kwa urefu na eneo, wala si kwa jina la saizi. Kinachotufunga kwetu ni fremu za plastiki zilizotoka kiwandani, zilizopangwa kwenye meza ya mchuuzi zikiwa na picha ya Mzungu anayecheka ndani yake. Hizo ndizo zenye saizi moja kwa wote.

Upande wa pili wa swali ni wale wanaokata kila picha kivyake, na nao wana hadithi zao. Picha ya Che Guevara iliyozagaa kwenye vioo vya matatu na fulana za mitumba ilipigwa na Alberto Korda mjini Havana tarehe 5 Machi 1960. Kwenye negativu kuna uso wa mtu mwingine upande mmoja na majani ya mnazi au mtende upande wa pili. Korda aliviondoa vyote. Kilichobaki ni macho na bereti. Negativu nzima ni picha ya mtu mkutanoni. Iliyokatwa imekuwa alama. Arnold Newman alimpiga picha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky mwaka 1946 akiwa kwenye piano, kisha akakata mpaka mtunzi akabaki kwenye kona ya chini kushoto, na kifuniko cha piano, cheusi na kikubwa kama alama ya muziki, kikatawala sehemu yote iliyobaki. Hakuna karatasi ya dukani yenye umbo ambalo picha hiyo ilitaka.

Kuna kambi inayoona kukata ni dhambi. Mpiga picha Henri Cartier-Bresson ndiye imamu wao: picha ipangwe ndani ya kamera, na ichapwe nzima. Baadhi ya wafuasi wake walikuwa wakichonga kwa tupa kishikio cha negativu ili ukingo mweusi wa filamu uonekane kwenye karatasi, kama muhuri wa kuapa kwamba hakuna kilichoguswa. Na bado picha yake iliyo maarufu kuliko zote, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare mjini Paris mwaka 1932, ilikatwa, kwa sababu aliipigia kwenye upenyo wa ua wa mbao na ubao mmoja ukaingia upande wa kushoto. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba anayekataa kukata hajakwepa kuchagua umbo. Amemkabidhi Barnack na matundu ya Dickson wamchagulie.

Hata hivyo kambi ya wakataji nayo ina la kujibu. Januari 2020, huko Davos, wanaharakati watano vijana wa mazingira walipigwa picha pamoja. Mmoja alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda, aliyesimama mwisho wa safu. Shirika la habari la AP lilitoa picha ikiwa na wanne, wote weupe. Nakate alikuwa amekatwa. Maelezo ya mwanzo yalikuwa ya kifundi: jengo lililokuwa nyuma yake lilivuruga mpangilio wa picha. Baadaye shirika likarudisha picha nzima na kuomba radhi. Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi, na sina haja ya kudhani kwamba aliyekata alikuwa na nia mbaya ili nione kosa. Alisahihisha umbo. Jengo lilikuwa baya kweli machoni pake. Lakini kisu cha mpangilio hakina sehemu ya kuuliza "huyu ni nani?" na mkono unaokata kwa sababu za urembo tu unaweza kutupa habari yenyewe.

Mwaka huohuo watumiaji wa Twitter waligundua kwamba programu ya kukata picha ili zitoshe kwenye kioo cha simu ilikuwa ikichagua baadhi ya nyuso na kuacha nyingine. Kampuni ilipochunguza, ikatangaza mwaka 2021 kwamba kweli programu iliwapendelea wanawake kuliko wanaume, na weupe kuliko weusi, kwa kiasi kidogo lakini kinachopimika. Ikaamua kuonyesha picha za kawaida zikiwa nzima. Somo hilo halijafika kwenye kila mashine ya kaunta, ambayo hukata katikati bila kumtazama yeyote. Nakiri kwamba kati ya kisu kinachodhani kinajua na kisu kipofu, nakiogopa zaidi cha kwanza.

Sasa, umbo linafanya nini hasa ndani ya picha? Chukua 3 kwa 2 na uisimamishe wima. Ni nyembamba mno kwa uso wa mtu: ukimjaza kwa upana, juu kunabaki anga la bure au chini kunaingia tumbo lote. Ndiyo maana studio za zamani zilipenda 4 kwa 5, umbo nene linalomkaa mtu kuanzia kifuani kama kiti kinachomfaa mwenyewe. Seydou Keïta kule Bamako alitumia negativu za sentimita 13 kwa 18 na kuzichapa moja kwa moja juu ya karatasi bila kukuza, hivyo alichokiona ndicho mteja alichoondoka nacho. Watu wake wamekaa ndani ya ukingo kwa raha, viwiko vimetulia, kitambaa cha nyuma kimefunga pande zote. Mwenzake wa mji huohuo, Malick Sidibé, alitembea usiku kwenye madansi na kamera, na picha zake kadhaa ni za mraba. Mraba hauna wima wala ulalo, hauhitaji kugeuza kamera, na humrudisha mtu katikati. Kwa wawili wanaocheza twisti ni umbo kamili. Kwa foleni ya kivuko cha Likoni au Kigamboni asubuhi ni gereza.

Jahazi limetanda tanga huwa refu na pana karibu sawasawa. Mstatili wa 3 kwa 2 ukilala unaliachia maji mengi pembeni, na ukisimama unalikata omo. Mlango wa Zanzibar, na nakshi zake juu ya kizingiti, unataka umbo jembamba la kusimama. Mabonde na upeo wa bahari hustahimili hata 3 kwa 1. Ukiyaona haya mara kadhaa unaacha kutafuta umbo moja bora. Wapo wanaolitafuta bado, na huleta uwiano wa dhahabu, 1.618, na michirizi ya konokono juu ya picha zilizokwisha kupigwa. Sina subira nao. Picha nzuri zipo kwenye mraba, na mraba uko mbali sana na dhahabu.

Vioo vya simu vimeongeza fujo. Karatasi ilibadilika kila baada ya kizazi. Kioo hubadilika kabla ya deni la simu kwisha. Instagram ilianza mwaka 2010 ikikubali mraba peke yake, watu wakajifunza kuona kwa mraba. Mwaka 2015 ikafungua mlango kwa picha za kulala na za kusimama mpaka 4 kwa 5. Mwanzoni mwa 2025 ukurasa wa mtumiaji ukaacha visanduku vya mraba na kutumia vya kusimama, na waliokuwa wamepanga kurasa zao kama vigae wakaamka kuta zimehama. Video za wima nazo ni 9 kwa 16. Picha iliyotolewa humo ikiwekwa kwenye 4 kwa 5 inapoteza karibu asilimia 30. Anayekata picha zake kwa kipimo cha programu na kufuta faili zima anajenga juu ya mchanga wa watu. Kata nakala. Faili mama libaki na kingo zake zote.

Hofu ya kwamba kukata kunaharibu ubora imekuzwa mno. Kamera ya pikseli milioni 24 inatoa picha ya 6000 kwa 4000. Ukikata iwe 5 kwa 4 unabaki na milioni 20, na mraba unabakiwa na milioni 16. Kwa nukta 300 kila inchi, hiyo 5 kwa 4 bado inachapika kwa zaidi ya inchi 16 kwa 13. Tatizo huja pale mtu anapobakiza robo tu ya picha ili kumvuta karibu mtu aliyekuwa mbali, na dawa yake ni kusogea kwa miguu.

Msimamo wangu basi ni huu. Kipimo cha kawaida kikae nje, uhuru ukae ndani. Fremu, karatasi, kurasa za albamu, hizo ziwe za saizi mbili au tatu zinazopatikana mjini kwako, maana utazinunua tena mwaka ujao. Picha iliyo ndani iwe na umbo lake, na tofauti kati ya hizo mbili ijazwe na weupe. Wanaofunga picha kitaalamu hufanya hivyo kwa kadibodi iliyokatwa dirisha: fremu ni ya dukani, dirisha ni la picha. Asiye na kadibodi anaweza kumwambia kijana wa kaunta maneno manne: "Picha nzima, acha ukingo." Na katika mkusanyiko mmoja, tuseme harusi moja au maonyesho ya picha ishirini, nisingezidisha maumbo matatu. Zaidi ya hapo mtazamaji anaanza kuhesabu fremu.

Kikwazo kikubwa cha ushauri huu si fundi wala mashine. Ni sisi na weupe. Tunauona kama karatasi iliyolipiwa ikaachwa bure, kama sahani isiyojazwa. Inashangaza kidogo kwa watu wa kanga. Kanga ina mji katikati na pindo pande zote nne, na hakuna mwanamke wa pwani anayemwambia muuzaji kwamba pindo limemla kitambaa chake. Pindo ndilo linaloufanya mji uonekane mji. Na doti zote dukani zina kipimo kilekile. Mafundi wa kanga wamezunguka ndani yake miaka zaidi ya mia bila kuishiwa.

Picha ya ukoo niliichapisha upya, kwenye A4, nzima, na ukingo mweupe pande zote. Mjomba alirudishiwa kofia na watoto nyayo. Nikaipeleka kwa fundi wa fremu. Akaiweka juu ya meza, akaipangusa kwa kiganja, akaisifu, kisha akachukua rula na wembe, akailaza rula sawasawa kwenye mpaka wa picha na weupe.

"Fundi, unafanya nini?"

"Natoa hii nyeupe, mzee. Ili ikae vizuri."

Nikamshika mkono.